Vidonge Mara Tatu, Mlo Mara Moja

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyoandika kwamba mwanamke mmoja wa Kibaoni yuko tayari kuyatuliza maumivu yake mwenyewe. Niliandika kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini yake.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, nimekuja katika nchi ya Wapimbwe kuchunguza kama wagonjwa wa baridi yabisi wangeweza kujihudumia nyumbani, maana maumivu yale huishi na mtu, na zahanati ilikuwa mbali. Nilibeba vidonge, na dodoso la maswali ishirini nililolitunga mwenyewe. Nililipenda mno dodoso lile.

Mama Skolastika alinipokea akiwa mkekani. Alikuwa amelima mpunga maisha yake yote, miguu majini. Magoti yalikuwa yamevimba na kujaa chale za mganga.

"Karibu, baba," alisema. "Magoti haya yanatabiri mvua kuliko redio ya mwenyekiti."

Nilimweleza kwa utaratibu: aspirini mara tatu kwa siku, kila mara baada ya kula, kukanda magoti kwa maji ya moto, kunyoosha viungo asubuhi. Kisha nikamuuliza kama yuko tayari kuyafanya hayo bila kusimamiwa.

"Niko tayari. Nitakukatalia vipi, nawe umetoka mbali hivyo?"

Nilicheka. Nusu ya kwanza ya jibu niliiandika. Ya pili haikuwa na nafasi kwenye karatasi. Akanipikia ugali na maharage. Nilikula peke yangu, kwa kuwa alisema yeye ameshakula.

Niliporudi baada ya mwezi mmoja, nilimkuta mumewe, Mzee Benedikto, amekaa mlangoni, amenyoa kichwa kwa msiba. Alinirudishia kopo la vidonge. Vilibaki vichache.

"Alivimeza kama ulivyomwagiza," alisema. "Asubuhi, mchana, jioni. Tumbo likamchoma. Nikamwambia aache, akasema amekuahidi. Hata alipotapika vitu vyeusi kama masizi, alinikataza kuwaambia majirani."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini huyu, mwanangu, alificha kwa ajili ya heshima yangu. Nami, badala ya kumpa pole mzee yule, nilijitetea.

"Nilimwambia baada ya kula, mzee."

"Bwana mdogo, masika hapa watu wanakula mara moja. Mpunga bado uko shambani. Karatasi yako ina maswali mangapi?"

"Ishirini."

"Na hakuna hata moja la chungu cha jikoni."

Ndipo nilipoukumbuka ule ugali.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, nikala mlo wake wa siku ile, nikamwachia vidonge. Hakuna daktari aliyemchunguza, hivyo siwezi kuthibitisha kilichomuua. Kwa miaka mingi nimejificha nyuma ya sentensi hiyo, na kila mara kopo lile hunitoa nje.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Ukimwachia mgonjwa dawa, muulize kwanza anakula nini, mara ngapi, na nani atamchotea hayo maji ya kukandia. Mwambie dalili ya hatari, na umruhusu waziwazi kuacha. Anayekuitikia haraka kwa adabu, kaa naye tena. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na ukiwa wewe ndiwe mwenye viungo vinavyouma, usimeze kitu kwa kumwonea haya aliyekupa. Mgeni aliyetoka mbali atarudi kwao. Tumbo linabaki lako.

Mungu akujalie subira ya kusikia jibu lote. Mikono yako isimfikie mgonjwa kabla ya masikio yako. Na pale utakapoandaliwa chakula katika nyumba yenye maumivu, Yeye akukumbushe kuuliza ni mlo wa nani.