Sajini Lamwaka na Kisogo cha Mwezi

Kama hujawahi kuadhibiwa na Sajini Lamwaka, wewe hujui kuzunguka. Kuruta akichelewa gwaride, mama huyu hampigi wala hamtukani. Anampeleka kwenye mlingoti wa bendera, anamwambia auzunguke kwa hatua za ubavu, uso kwenye bendera, mpaka sajini mwenyewe achoke. Na sajini hachoki upesi, nakuambia! Miaka ishirini na miwili amefundisha gwaride kambi baada ya kambi, na minne ya mwisho amekuwa hapa Kawempe, ambapo hata paka wa kambi humpisha njia.

Lakini mtu huyu mwenye sauti ya kutetemesha mabati alikuwa na jambo moja lililomuuma. Hakuwahi kumaliza shule. Baba yake alikuwa mwanajeshi, na mwanajeshi hana kwao. Leo Gulu, kesho Mbarara, keshokutwa Jinja, mke na watoto nyuma yake na magodoro. Kila shule mpya ilimrudisha darasa la tano, kwa kuwa barua kutoka shule ya zamani haikufika. Darasa la tano alilisoma mara tatu. La saba hakuliona hata dirishani. Alipokua akaingia polisi, na uhamisho ukaendelea pale pale baba yake alipouachia.

Basi mwaka jana, akiwa na miaka arobaini na minane, alijiandikisha katika darasa la watu wazima la kumalizia elimu ya msingi, linalofanyika Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa kanisa moja kule Lubaga. Mwalimu wao ni Wamalwa, Mkenya, ambaye siku za kazi huuza sabuni kwa jumla kwenye soko la Kikuubo. Zamani alikuwa mwalimu kwao, na chaki haijamtoka damuni. Mtu mwema, mcheshi, ila akishasema kitu hakirudi.

Somo la anga ndilo lililowachangamsha kuliko yote. Loo, watu tunabeba mambo vichwani! Opoka, dereva wa bodaboda, aliapa kwamba wanaanga huelea kwa sababu huko juu uvutano umekwisha. Wamalwa akamwambia haujaisha hata kidogo. Wale wanaanguka siku zote pamoja na chombo chao, ila kwa mwendo ule wanaikosa dunia kila mara. Lamwaka naye alishikilia kwamba mwezi ukiwa mwembamba ni kivuli cha dunia kimeufunika. Aliposhindwa kwa hoja alikubali wazi wazi, akacheka, akaandika daftarini. Hivyo ndivyo alivyo. Mshinde kwa haki, atakupa mkono.

Mgogoro ulianza Wamalwa aliposema, "Tunaona uso mmoja tu wa mwezi kwa sababu mwezi haujizungushi."

Lamwaka akainua mkono. "Mwalimu, hapana. Mwezi inageuka."

"Afande, ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyofundisha miaka kumi na moja. Tuendelee."

Wakaendelea. Lakini sajini aliwaza makuruta wake pale mlingotini, akatikisa kichwa.

Ukaja mtihani wa mwisho. Wiki hiyo hiyo ikaja barua ya uhamisho: Sajini Lamwaka aripoti Moroto, mwisho wa mwezi. Unaona mambo hayo? Asipofaulu sasa, hakuna kurudia, na masomo yatakatika kwa mara nyingine kama yalivyokatika utoto wake wote. Na swali la kumi na tisa likauliza: je, mwezi hujizungusha? Alijua vizuri mwalimu anataka nini. Neno moja tu, "hapana", na alama mbili ni zake. Alikaa na kalamu hewani muda mrefu. Kisha akaandika "ndiyo", na sababu zake chini.

Matokeo yakatoka. Kufaulu ni hamsini. Lamwaka arobaini na nane.

"Si ungeandika tu anavyotaka yeye?" Opoka alimnong'oneza, akimhurumia kweli kweli. "Mama, maskini bambi, alama mbili!"

"Niandike uongo ninaoujua?" Sauti yake ilikuwa ndogo siku hiyo, hilo sikufichi. Kisha akasimama. "Mwalimu. Hii swali ya kumi na tisa."

Wamalwa akavua miwani. "Afande, asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Mimi sijashindwa. Nimenyimwa. Toka nje na mimi dakika tano tu."

Ala! Darasa zima lilikuwa uani kabla mwalimu hajavaa miwani yake tena.

Sajini akasimama katikati ya uwanja. "Mimi ni dunia. Wewe ni mwezi. Simama pale mbele yangu, utazame lango nyuma yangu. Sasa fanya vile ulitufundisha, mwezi isiyogeuka. Nizunguke, lakini kifua yako isiache kuelekea lango."

Wamalwa akaanza, mara kwa ubavu, mara kinyumenyume, tai ikipeperuka. Alipofika robo, dunia ikaona bega lake. Alipofika upande wa pili, kati ya sajini na lango, sauti ya gwaride ikalipuka: "Simama! Darasa, mnaona nini?"

"Kisogo!"

"Na upara!" akaongeza Opoka.

"Mwezi isiyogeuka lazima inionyeshe kisogo," alisema Lamwaka. "Nani hapa amewahi kuona kisogo ya mwezi? Babu yako aliona?"

Hakuna aliyeona.

"Sasa nizunguke kama kuruta wangu, uso kwangu. Nikisema simama, uniambie nyuma yangu kuna nini. Tembea! Simama!"

"Lango," alisema Wamalwa.

"Tembea! Simama!"

"Jiko la kanisa."

"Tembea! Simama!"

"Ukuta."

"Tembea! Simama!"

Mwalimu akasita kidogo. "Choo," alisema, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Mwalimu wangu," sajini akasema, sasa kwa upole, "mtu ambaye hajageuka anatazamaje lango, jiko, ukuta na choo? Umegeuka mzima mzima. Mara moja umenizunguka, mara moja umegeuka, ndiyo maana mimi nimeona uso ule ule. Na watu wanasema huko nyuma ya mwezi ni giza siku zote. Giza gani? Upara yako imepigwa na jua hapa mpaka inang'aa."

Wamalwa alizunguka mara nyingine, taratibu, bila kuamriwa, akihesabu kwa midomo: lango, jiko, ukuta, choo. Aliposimama alipiga makofi, akacheka hadi machozi. "Miaka kumi na moja! Watoto wa watu nimewalisha uongo miaka kumi na moja!"

Opoka akashtuka. "Mwalimu, mimi niliandika hapana. Nina hamsini na moja. Utaninyang'anya?"

"Wewe uliandika nilichokufundisha. Kosa ni langu, alama zako hazitaguswa. Lakini afande aliandika alichokijua, na mimi nikamkata." Akachukua karatasi pale pale uani, akaiweka juu ya goti, akafuta arobaini na nane, akaandika hamsini, akatia sahihi. Vigelegele vilivyopigwa vilimtoa padri ofisini kwake. Opoka alitaka kumbeba sajini begani, akashindwa, wakambeba watatu.

Jumatatu alikwenda ofisi ya kambi kujaza fomu ya uhamisho. Karani, Konstebo Kidega, alikuwa amemjazia tayari ili asimcheleweshe: jina, namba, cheo, kituo aendako. Kwenye nafasi ya elimu alikuwa amechora kistari, kama kilivyo kistari kwenye fomu zake zote tangu aajiriwe.

"Futa hiyo," alisema Lamwaka.

"Niandike nini, afande?"

"Andika nimemaliza. Herufi kubwa."

Kidega akamtazama, akaitazama hati yenye sahihi ya Wamalwa iliyowekwa mezani, kisha akaandika. Sajini hakuondoka. Alisimama pale pale, mguu sawa, mpaka wino ukakauka.