Yangeyange wa Sabuni

Juma lililopita nilikwenda Malindi kununua ndimu, nikarudi na dawa ya panya. Kwangu hakuna panya. Kuna paka wawili, na nimewahesabu mara mbili. Ilikuwa hivi, rafiki yangu: nje ya soko kijana mmoja alikuwa ameegesha mkokoteni, na juu yake spika inayosema yenyewe, panya, mende, kunguni, siafu. Sauti haikuwa ya mtu wa kawaida, ilikuwa ya katuni, nyembamba, ya puani, inayopanda mwisho wa kila neno kama aliyekanyaga kaa la moto. Nilisimama mpaka ikamaliza na kuanza upya. Nikamuuliza kijana huyo anayesema ni nani.

"Sijui, mama. Spika tuliinunua na mtu wake ndani."

Akataja bei, nikatoa pesa bila kuomba apunguze. Aliniangalia kwa wasiwasi, kwani kwa sura tu alikwisha kujiandaa kubishana. Na kwa kawaida angebishana nami hadi adhuhuri, maana nimelelewa na mnadi.

Mnadi huyo alikuwa mjomba wangu. Miaka ya themanini tulikaa mtaa wa Shella, hapo hapo Malindi, yeye, mimi na nyanya, katika nyumba iliyochangia ukuta na jirani. Nyanya aliuza viazi vya karai barazani. Mimi niliponda pilipili na ukwaju mpaka macho yakawa mekundu kama ya mlevi. Mjomba alinadi samaki. Asubuhi alisimama juu ya kreti lililopinduliwa, akawanadi kwa sauti za watu: changu kwa sauti ya mwalimu wa madrasa, papa kwa sauti ya karani wa mahakama, pweza kwa sauti ya bibi wa kitalii anayelalamikia jua. Aliyeigwa alikuwa wa kwanza kucheka. Na anayecheka, mjomba aliniambia, huyo amekwisha kupandisha bei mwenyewe.

Siku moja akaja mtu wa matangazo kutoka Nairobi, amefikia kwenye hoteli ya ufukweni. Alikuja kununua kamba, akaondoka na mjomba. Huko Nairobi walimweka chumba ambacho kuta zake zimefunikwa magodoro, wakamsikilizisha ndege wa katuni akisifu sabuni ya unga kwa Kizungu, wakamwambia aige kwa Kiswahili. Akaiga. Lakini mwishoni alijisahau, akanadi: "Mara ya kwanza, nyeupe pe! Mara ya pili, pe!" Wakaipenda, wakaiacha. Alirudi na pesa kidogo na katoni za sabuni. Nilizihesabu zikiwa mkokotenini, nikazihesabu tena zikiwa mvunguni mwa kitanda. Zilikuwa chache vile vile.

Aliyemchora yule ndege nadhani alikusudia bata bukini. Sisi tulimwita yangeyange, kwa weupe wake, ingawa televisheni yenyewe ilionyesha kila kitu rangi ya jivu. Ilikuwa ya jirani, mpishi wa hoteli, aliyeinunua hoteli ilipobadilisha za kwake. Erio yake ilikuwa boriti ndefu yenye sinia kileleni, na siku ya upepo alipanda juu ya paa huku sisi tukimpigia kelele kutoka chini, hapo, hapo, la, umepita. Sharti lake lilikuwa moja, kuosha miguu kizingitini kwa kopo. Tukaketi mkekani, harufu ya viazi vya nyanya ikitufuata dirishani. Taarifa ya habari tuliivumilia tu. Tulichongojea ni yangeyange, na akifungua mdomo, ukumbi mzima ulijibu "pe!"

Nyanya hakuja. Alikuwa hatua chache kutoka pale, ameinamia karai lake, na hakuja. Mjomba alimbembeleza kwa sauti zote alizonazo. "Nimezaa mtu," nyanya alimjibu, "sikuzaa ndege." Nafikiri aliona haya. Mwanaume mzima, mwana wa sheikh, kulia kama kuku mbele ya taifa.

Kisha sauti ya mjomba ikaanza kukwaruza. Tulidhani ni vumbi, tukadhani ni barafu ya samaki. Nyanya alisema ni jicho la watu, akamnywesha kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwa zafarani. Hospitali ya Malindi ikampeleka Mombasa, na huko wakasema kuna kitu kooni na kwamba wamechelewa kukiona. Aliendelea kunadi kwa kupiga makofi, wachuuzi wakimwonea huruma, na huruma haiuzi samaki. Mnadi asiye na sauti ni mtu aliyesimama juu ya kreti, basi. Wakampa kreti mtu mwingine.

Jioni aliosha miguu, akaketi nasi. Yangeyange alipotokea, mjomba alichezesha midomo pamoja naye. Sauti ikitoka kule, midomo ikienda huku. Hatukujibu tena "pe". Watoto waligeuka wakamtazama yeye badala ya kioo, na mimi pia.

Sasa nyanya alikuwa na sababu nyingine ya kutokwenda. "Nikaisikilize sauti yake sandukuni na mwenyewe yuko hai? Huko ni kumzika kabla ya siku. Akipona nitakwenda, kwa miguu yangu." Alisema kama anayepatana bei na Mungu, na mimi niliyajua mapatano. Ukiwa huna pa kwenda kununua kwingine, unalipa ulichotajiwa.

Mjomba alikufa alfajiri ya Ijumaa. Watu wakasema ni bahati.

Jirani mpishi alilia kuliko wengi. Siku ya maziko alitwaa kanga ya mkewe, akaifunika televisheni, akatangaza haitafunuliwa mpaka arobaini. Wazee wakamwombea dua. Kwetu mtu akifiwa, hata redio huzimwa kwa siku chache, lakini arobaini nzima, na kitu cha thamani ile, hakuna aliyepata kufanya. Mtaa wote ukasema jirani kama huyu hapatikani. Na ni kweli, hakupatikana.

Matanga yalipoanuliwa, nyanya aliniita jikoni. Alikuwa akikata vitunguu, akasema kama anayeniagiza chumvi: "Wewe unajua kubisha. Kamwambie jirani aiwashe kidogo, mlango umefungwa. Nataka kumsikia. Na usinitaje." Akaniapisha. Nilielewa. Mama aliyefiwa kuomba televisheni, Shella ingelitafuna jambo hilo mpaka Mambrui.

Nikaenda kupatana. Nilianza na mlango kufungwa, nikashuka kwenye sauti ya chini, nikashuka tena: kanga isitolewe kabisa, ibaki inaning'inia, tusione, tusikie tu, na likipita tangazo azime. Jirani alitikisa kichwa kila nilipoteremka. Mwisho machozi yakamlengalenga.

"Mwanangu, najua umezoea katuni zako. Lakini haki ya maiti hainadiwi."

Ningetaja jina moja tu, angeondoa kanga ile kwa meno. Nilikuwa nimeapa. Nikarudi, nikamwambia nyanya amekataa, na sababu yake. "Ana adabu," alisema, akachukua kitunguu kingine.

Siku ya arobaini ilisomwa khitma, ikaliwa pilau, na jioni jirani akaja mwenyewe, uso unamng'aa. "Mama, leo nakuchukua. Ukamsikie mwanao." Nyanya alivaa buibui lake la kutokea. Kizingitini akainama, akaosha miguu kama sisi, ingawa hakuna aliyemwambia. Wakampa kiti pekee chenye mto. Ukumbi ulijaa hadi dirishani. Taarifa ya habari ikasomwa, ikaisha.

Yangeyange akaja, akapiga mbawa vile vile, akafungua mdomo. Mara ya kwanza, nyeupe pe. Mara ya pili, pe. Maneno ni yale, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Huko Nairobi mtu alikuwa amewekwa kati ya magodoro, akasikilizishwa mjomba, akaambiwa aige. Aliiga vizuri, simlaumu. Ila hakuwahi kusimama juu ya kreti. Hakujua kwamba mnadi huvuta pumzi kabla ya mara ya pili, ili mnunuzi apate nafasi ya kuogopa.

Kila mtu alitazama vidole vya miguu yake. Jirani alinyoosha mkono kwenye kitufe, azime.

"Muache amalize," nyanya alisema. "Huyo naye ana mamake. Huenda yuko mahali anasikiliza."

Akamaliza. Nyanya akashukuru, akamwombea mwenye nyumba heri, akarudi kwenye karai lake. Hakwenda tena.

Baadaye jamaa yetu wa Mtwapa, ambaye kwao walikuwa na televisheni, alitueleza bila kujua anatueleza nini. Sauti ya mjomba iliendelea kutoka karibu siku zote zile za msiba, ikabadilishwa arobaini ikikaribia. Yaani jioni baada ya jioni alikuwa akinadi, mama yake yuko upande wa pili wa ukuta, na sisi tumemfunika kanga kwa heshima.

Nyanya hayupo, mpishi hayupo, boriti yenye sinia iliangushwa na wenyewe. Samaki siku hizi huuzwa kwa simu kabla hawajafika ufukweni. Kila nyumba ina televisheni yake, na hakuna anayeosha miguu. Hayo nayavumilia. Lisilonitoka ni hili: mjomba nilimsikia utoto wangu wote, yule mwingine nilimsikia misimu michache tu. Lakini nikifumba macho nikasema mara ya kwanza, nyeupe pe, sina hakika ni yupi kati yao anayenijibu.

Kwa hiyo nilisimama pale sokoni mbele ya dawa ya panya. Nilitaka kusikia kama atavuta pumzi kabla ya jina la pili. Panya, mende, kunguni, siafu. Hakuvuta. Nikamwacha amalize, nikalipa.