Mbuzi Mmoja wa Abiriyo

Mwaka wa 1972, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki na shule yangu ikaishia darasa la pili. Nikapelekwa kisiwa cha Mfangano kuvua. Tulikuwa sita kwenye boti. Mwenye boti alinifundisha kujua kama samaki watagawanyika sawasawa kabla sijagusa hata mmoja. Hesabu ikiishia sufuri au tano, tano inaingia. Ikiishia sufuri, mbili, nne, sita au nane, mbili inaingia. Jumlisha tarakimu zake. Tatu ikiingia kwenye jumla, inaingia kote. Mbili na tatu zikiingia zote, sita imeingia. Kwa nini, hakusema. Mbili na tatu ni tano, lakini zinapima sita. Nilikubali tu, na sikuwahi kukosea.

Mwaka jana kaka yangu wa Homa Bay alifariki, akaacha mbuzi hamsini na watoto saba. Kifungua mimba alisema akibaki hata mbuzi mmoja ni wake. Kitinda mimba, msichana, akasema huyo mmoja akichukuliwa hatakanyaga boma hilo tena. Mama yao akaniuliza mbele yao wote:

"Shemeji, hamsini kwa saba inaingia?"

Mimi nahesabu kwa Dholuo, Kijaluo chetu. Saba ni abiriyo, na neno linajieleza: abich ni tano, ariyo ni mbili. Tano iliingia. Mbili iliingia.

"Inaingia," nikasema, nikawaeleza hiyo abiriyo. "Gaweni."

Kila mtu akapata saba. Mmoja akabaki amesimama, anatafuna kamba.

"Baba mdogo," msichana akauliza, "na huyu?"

"Hesabuni tena."

Walihesabu mara tatu.

"Labda huyu hajui Kijaluo," kifungua mimba akasema. Dada yake akacheka, naye akacheka. Walikuwa hawajasemeshana tangu mazishi.

"Nenda naye kwako Migori, shemeji," mama yao akasema. "Huyo ni wa abiriyo yako."

Hakuna aliyepinga.

Msichana alinieleza kwamba sita ni mbili mara tatu, kwa hivyo tano na mbili nilikuwa napima kumi. Nikamwambia sita ni auchiel, yaani tano na moja, sasa hiyo mbili na tatu imetoka wapi? Akaeleza tena. Sikuelewa. Mpaka leo sielewi.

Leo nina nyumba ya mabati, ekari mbili za mahindi, ng'ombe wanne, pikipiki moja, mbuzi kumi na wawili niliowanunua mwenyewe, na yule mmoja. Mbuzi kumi na watatu. Nimejaribu mbili, tatu, tano, sita. Hakuna inayoingia.