Mama wa Meli Alipoketi Gatini

Juzi binti yake alinipigia simu hapa Columbus, akiwa Buffalo. Alianza kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote, "Uncle, it's Mama," kisha Kiingereza kikamwishia, akalia. Basi, wasomaji wangu, amefariki yule mama wa Kivu niliyefahamiana naye kanisani Louisville, ambaye kwa utani tulimwita Mama wa Meli. Mimi sikulia. Nilikasirika, na hasira yenyewe bado sijui nimwelekezee nani.

Jina hilo alilipata kiangazi cha mwaka jana, 2015. Alikuwa akimtunza bibi mmoja wa Kimarekani asiyeweza kutembea, na bibi alipotaka kuzunguka visiwa vya Ugiriki kwa meli ya starehe, alimchukua amsukumie kigari. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi huku tulipewa jembe mabegi yangali mkononi. Yeye alianza na maghala ya Jeffersontown, mgongo ukagoma, akahamia kwenye kutunza wazee. Kwa hiyo safari ile ilitutia wivu kanisa zima. Aliporudi tulimzingira tukidai picha. Alituonyesha nyumba nyeupe mlimani, akacheka nasi, akaiweka simu mkobani.

Ya kisiwani aliniambia baadaye, jikoni kwake, akikoroga sombe, kisamvu cha kwao. Asubuhi walishuka melini, akamwacha bibi kivulini mkahawani, akaenda kumtafutia maji. Gatini aliwakuta watu waliovuka bahari kwa mashua za mpira, nguo bado zimelowa, wamepangwa mstari. Polisi alimwona ni mweusi kama baadhi yao, akamnyooshea kidole: kaa chini.

"Bon, nikaikala," alisema. "Hakuna mutu alinishika mukono. Sikusema niko ya meli. Mu kambi ya wakimbizi tulizoea: polisi akisema ikala, unaikala."

Pembeni yake aliketi mama Mkongomani mwenye mtoto mgongoni. Alimsalimia kwa Kiswahili cha kwao, akamuuliza kama mashua yake nayo iliingia maji. Walikaa juani hivyo hivyo mpaka bibi akaja akisukumwa na mhudumu wa mkahawa, uso umemwiva kwa hasira, akamwambia polisi: huyu ni wangu. Polisi akampungia mkono ainuke. Yule mwenye mtoto akamshika kitenge.

"Mama, wewe uko ya ule muzungu. Na sisi, tuko ya nani?"

Nilimuuliza alimjibu nini.

"Nilisukuma kigari, donc. Meli ilikuwa inangoja."

Majira ya baridi alihamia Buffalo kwa binti yake. Binti ananiambia kwamba siku ya msiba yeye alikuwa kazini kiwandani, na mama alijipeleka hospitali peke yake, kifua kikimbana. Alionyeshwa kiti, akaketi. Maumivu yalipomzidi hakumwita mtu. Walipofika kwenye jina lake, alikuwa ameshakata roho.

Tunapowapokea wageni wetu tunawafundisha Kiingereza cha kazini na namna ya kupanda basi, halafu tunajipongeza kwamba wamefika. Mwaka mzima nilijua kisa cha gatini, nikakihesabu kuwa ni habari ya Ugiriki tu. Ukimwona mtu wako anasubiri kwa utulivu mno, usimsifu kwa subira. Nenda ukasimame karibu naye, useme kwa sauti ni wako, maana yeye hatasema.