Mama Mkwe na Kadi Mpya

Mama mkwe wangu alitaka kurudi kijijini kwake Mollo, na mume wangu hakutaka. Ugomvi wenyewe haukuwa na kelele, maana ni watu wa kununiana kimyakimya, lakini mimi niliyekuwa katikati nikipakua chakula niliusikia vizuri. Mama alikuwa mkunga mstaafu. Alihamia kwetu Chanji, mjini, magoti yalipoanza kumsumbua, shamba lake akawaachia majirani. Kwetu alipata kipande cha udongo kati ya choo na uzio, akapanda maharage, akayapalilia mpaka nikayaonea huruma.

Hoja ya mume wangu ilikuwa pensheni. Kila ilipoingia, lazima mtu amsindikize mama benki wakasimame kwenye foleni tangu asubuhi, na mtu huyo nilikuwa mimi. Akiwa Mollo nani angemsindikiza? Miaka ile benki zilikuwa zimeanza kugombea wateja, kila moja na rangi zake, na ya mama ikaweka mashine ya kutolea pesa ukutani na kugawa kadi. Mume wangu akaona amepata pa kuponea. Akasema mama akiweza kuitumia kadi mwenyewe, bila mkono wa mtu, atatafuta gari amhamishe. Mama akaitikia kwa upole, "Haya, baba." Nilijua hapo mume wangu amejiponza.

Kadi ilipofika, karani alimwambia asubiri kidogo ianze kufanya kazi, kisha ajaribu kuangalia salio. Mashine ikimpa karatasi yenye salio, kadi iko tayari. Ikikataa, arudi dirishani.

Tulikwenda asubuhi ya baridi, upepo ukipenya hadi ndani ya sweta. Nilisimama nyuma kidogo, mikono nimeikunja, kama tulivyokubaliana. Mama alivaa miwani, akasoma maandishi yote kwenye kioo, hata yasiyomhusu, akabonyeza namba ya siri bila haraka. Foleni nyuma yetu ikaanza kukohoa. Mashine ikaunguruma, ikasukuma kadi nje.

Asiyeishi na Wafipa hataelewa kilichofuata. Kwao kitu hakipokonywi. Ukipewa, hata kama ni maji na aliyekupa ni mtoto, unakunja magoti kwanza, unapiga makofi taratibu, ndipo unapokea kwa mikono miwili. Mimi nimezaliwa Mbeya, na kwetu tuna heshima zetu, lakini ya mama ilinishinda, na kwa magoti yale ilichukua muda. Akakunja magoti. Akapiga makofi. Mashine ikalia, na alipoinua mikono apokee, ikaimeza kadi mbele ya macho yake. Karatasi haikutoka.

"Imenipa, imeninyang'anya," mama akasema, mikono bado iko hewani.

Nilikasirika kuliko yeye. Nilikwenda dirishani nikamfokea karani ambaye hakuwa na kosa lolote. Akasema kadi itapatikana kesho mashine ikifunguliwa, na kwamba hawezi kutuambia kama imeanza kufanya kazi mpaka ijaribiwe tena. Kisha akamuuliza mama, kwa adabu, kwa nini hakuichukua. Mama akamjibu kwamba alikuwa anashukuru. Kijana akainamisha kichwa. Naye alikuwa Mfipa.

Mume wangu aliposikia, alijitahidi asifurahi, akashindwa. Mama alikula kidogo tu, akanifuata jikoni.

"Mwanangu," aliniuliza, "ndiyo nitazeekea hapa?"

Nikamwambia kesho aikamate kadi upesi, asishukuru, ile ni mashine tu. Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni.

Kesho yake tukarudi, tukapewa kadi. Mama alifika mbele ya mashine, lakini hakuiingiza. Aliibana kwapani, akakunja magoti, akapiga makofi yake yote mpaka akaridhika. Wazee wawili kwenye foleni, wakidhani wanasalimiwa, wakainama wakaitikia kwa makofi. Ndipo mama akasimama, akaingiza kadi, akabonyeza alivyotakiwa. Kadi ilipotoka tu aliichukua kwa mikono miwili, hana deni la shukrani na mtu. Karatasi ikafuata, ina salio.

Nilifurahi mpaka nikamkumbatia mbele za watu. Tulipofika karibu na nyumbani nilijisikia vibaya ghafla. Mume na mama yake walikuwa wamebishana wee, na hakuna aliyeniuliza kama mimi nataka aondoke. Nisingeweza kusema nataka abaki, kwa vile alivyokuwa akitembea kwa furaha siku ile, mbele yangu, magoti na yote.

Akahama. Pensheni iliyofuata alikuja mjini peke yake. Nilikuwa nafua uani nikasikia hodi mlangoni, kwenye nyumba aliyokuwa akiingia na kutoka apendavyo. Alikuwa amebeba mfuko wa unga wa ulezi, viatu vina udongo, uso unang'aa. Nikamwambia twende jikoni tupike kama zamani. Akapita moja kwa moja sebuleni, akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Leo nimekuja kuwatembelea," akasema. "Nipikie."

Nikaingia jikoni nikampikia, huku nacheka na machozi yananitoka, kwa sababu ilikuwa kweli. Alikuwa mgeni wetu, na jioni angerudi kwake.