Fundi Nusu Inchi na Kifo cha Mwanaradi

Siku Fundi Nusu Inchi alipojua kwamba anashukiwa kuua mtu, alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini zimemjaa mdomoni, anapima pindo la suruali ya karani wa posta. Karani mwenyewe alisimama juu ya kigoda akisoma katuni na kucheka peke yake. Tumbo lilimtikisika, na kila akicheka pindo lilipanda.

"Tulia bwana," Fundi alisema kwa pembe ya mdomo. "Utatoka hapa mguu mmoja wa mtu mzima, mwingine wa mtoto."

"Nitatuliaje na muuaji yuko miguuni pangu?" Karani akamgeuzia ukurasa. "Hebu jione mwenyewe."

Fundi alitazama. Nusura azimeze zile pini.

Katuni yenyewe ilikuwa ya Mwanaradi, ile inayotoka kila Jumamosi na kugombaniwa na wakubwa kwa wadogo. Kwa asiyemjua, Mwanaradi ni shujaa anayeruka angani kwa joho jekundu la mahameli. Ngumi zake hutoa cheche, risasi zikimgusa hudondoka kama punje za mahindi, na majambazi wakisikia jina lake tu hutafuta uvungu wa kujificha. Lakini toleo lile lilianza kwa jambo ambalo hakuna msomaji aliyelitegemea. Ukurasa wa kwanza kabisa Mwanaradi amelala kifudifudi barabarani, ameanguka kutoka mawinguni, roho imemtoka. Joho lake limeachana katikati. Basi hadithi ya shujaa ikageuka hapo hapo kuwa hadithi ya upelelezi. Nani kamuua mtu asiyeuawa kwa risasi?

Washukiwa walikuwa watatu: daktari wake, mchumba wake, na fundi wake wa nguo. Fundi huyo aliitwa Fundi Robo. Alikuwa na upara unaong'aa, tepu ya kupimia shingoni, na mkasi ambao mpini wake umezungushiwa kitambaa cha bluu.

Fundi Nusu Inchi aliutupia jicho mkasi wake juu ya meza. Mpini ulikuwa umezungushiwa kitambaa cha bluu. Akaufunika taratibu kwa gazeti.

"Hata upara wameutendea haki," karani alisema. "Nimeona mng'ao ule nikajua, huyu namfahamu."

Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumchafua Fundi Nusu Inchi, au ndivyo yeye alivyoamini. Jina hilo la utani alilipata kwa kazi yake. Koti likizidi nusu inchi begani, analifumua lote hata kama mwenyewe keshalivaa na kulipenda. Watu walimlalamikia, wakamcheka, na bado wakarudi. Zaidi ya jina hilo hakuwa na mali nyingine ya kujivunia. Sasa mtu fulani, mahali fulani, alikuwa amelichukua, akalipunguza kidogo kutoka nusu hadi robo, akalifunga pingu.

Mwanzoni ilikuwa mizaha tu. Watoto wakipita dukani walijishika shingo na kuanguka mlangoni kama waliodondoka kutoka mawinguni. Kisha mama mmoja aliyekuwa ameleta kitambaa cha gauni la bintiye akaja kukichukua hakijaguswa.

"Si kwamba naamini mambo ya katuni, Fundi," alisema huku akikikunja haraka haraka. "Ila mtoto ameshikilia hataki. Tuone kwanza watasemaje mwisho."

Baada ya huyo akaja mwingine na maneno hayo hayo. Hapo Fundi akaacha kucheka. Katuni ikimtangaza Fundi Robo kuwa muuaji, nani atamletea nguo mtu ambaye mshono wake umeangusha shujaa? Ilimbidi amjue mchoraji kabla mwisho haujachapishwa, amwombe, na ikibidi amtishe.

Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kwa muuza magazeti. Akafungua kurasa pale pale kwenye kona ya barabara. Mpelelezi wa katuni, mwanamke mfupi mwenye miwani, alikuwa ameliinua joho la marehemu kwenye mwanga. Nusu moja ilionekana nyekundu iliyokolea, nusu nyingine imepauka. "Mahameli haya," mpelelezi alisema, "nusu yamekatwa kichwa chini miguu juu."

Sasa, mahameli yana vinyweleo, na vinyweleo hivyo vinalala upande mmoja kama manyoya ya paka. Ukikata kipande kimoja kinaelekea juu na mwenzake chini, ukiviunganisha utadhani umetumia vitambaa viwili. Ni kosa la fundi peke yake, na kwa fundi mzoefu ni aibu ya kufa nayo. Na Fundi Nusu Inchi alikuwa amelifanya, usiku mmoja si zamani sana, kwenye koti la mwimbaji mmoja. Hakumwambia mtu. Alikisukuma kipande kile chini kabisa ya gunia la matambara, akanunua kitambaa kingine, akakata upya huku akipiga mluzi ili aonekane mtu asiye na neno moyoni.

Kwa hiyo mchoraji hakuwa mtu wa mtaani aliyempitia tu dirishani. Alikuwa mtu aliyemo nyumbani mwake, aliyemwona akikisukuma kile kipande guniani.

Alirudi nyumbani akiangalia kila kitu kama mgeni. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Cherehani ilielekea dirishani. Mlangoni palikuwa na meza ya mpiga pasi, kijana mwenye maneno mengi. Mkewe alikaa pembeni akishona vifungo. Na kule nyuma, kwenye kona baada ya sanamu ya kuvalishia nguo, alikaa mama mkwe, ambaye alihamia kwao alipostaafu kazi ya kuandika mabango ya maduka. Kwake Fundi alikuwa na adabu moja tu: asubuhi alimwamkia, akamuulizia miguu inaendeleaje, kisha akampa mgongo siku nzima. Mkwe humkodolei macho. Hivyo ndivyo alivyolelewa.

Alianza na mpiga pasi.

"Wewe unapenda sana katuni," alimwambia, akimzunguka polepole.

"Nani asiyependa, mzee?"

"Chora mtu hapa." Akamwekea chaki na kipande cha karatasi ya kukatia.

Mpiga pasi alichora. Fundi aliinamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. "Hii ni nini, meza?"

"Ni wewe, mzee."

"Miguu minne?"

"Huo mmoja ni mkasi."

Mkewe alicheka hadi vifungo vikamwagika mapajani. Fundi akamgeukia yeye. Kicheko kile kilikuwa kirefu mno kwa mtu asiyejua kitu. "Na wewe mama watoto, jioni zote zile unazosema umechoka, huwa unafanya nini?"

"Huwa nimechoka," mkewe alijibu.

Alihisi kila mtu anamficha. Mpiga pasi akikohoa, Fundi aliona ni ishara. Mkewe akitoka kuteka maji, alihesabu kwamba amekawia. Hakula vizuri, na siku moja alishona tundu za vifungo upande wa kulia kwenye shati la kiume, kama la kike, akazifumua kimya kimya huku akitazama huku na huku nani kamwona.

Mwishowe akafanya jambo alilopaswa kulifanya tangu mwanzo. Alizitandaza katuni zote mbili juu ya meza ya kukatia, akaacha kusoma maneno, akatazama michoro tu, jinsi anavyotazama koti la mtu kujua fundi gani kalishona. Fundi Robo akikata. Fundi Robo akitunga sindano. Fundi Robo akinyanyua joho. Katika kila picha uso wake ulikuwa nusu tu, au haukuwapo kabisa. Kilichoonekana kila mara kilikuwa masikio, mabega, na kisogo. Na juu ya kisogo, kidogo kushoto, palikuwa na baka lenye umbo la punje ya kahawa.

"Mama watoto," aliita. "Mimi nina baka kisogoni?"

"Tangu unioe."

"Mbona hujawahi kuniambia?"

"Nilidhani unalijua. Si kichwa chako?"

Fundi alisimama. Mtu anayemjua kwa kisogo ni mtu anayekaa nyuma yake. Akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu mama mkwe ahamie pale akatazama moja kwa moja kwenye ile kona.

Mama mkwe alikuwa na ubao magotini, karatasi juu ya ubao, penseli mkononi. Hakushtuka. Alimalizia mstari aliokuwa akiuchora, kisha akainua macho nyuma ya miwani yake.

Fundi alikuwa na maneno makali aliyoyatayarisha kwa mchoraji, lakini hakuna hata moja unaloweza kumwambia mama wa mke wako. Akashusha macho haraka, akamgeukia mkewe.

"Mwambie mama," alisema kwa sauti ya chini, "kwamba watu wameanza kuondoa vitambaa vyao."

"Mama, anasema watu wameanza kuondoa vitambaa."

"Nimemsikia, miguu ndiyo mibovu, masikio mazima," mama mkwe alisema. "Mwambie pole."

"Anasema pole."

"Nimesikia! Muulize, kwa nini mimi?"

"Mama, kwa nini yeye?"

"Ningemchora nani? Nimekaa hapa namwona yeye tu, tena mgongo. Na usiku ule wa mahameli alijificha vizuri sana, nikasema, huyu ana sura ya mshukiwa."

Mpiga pasi alizima pasi ili asikose neno.

"Muulize," Fundi alisema, "muuaji ni nani?"

Mama mkwe alilaza penseli. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyebanwa. "Mwambie sijui," alisema. "Nimeandika kwamba joho liliachana angani, si chini. Sasa mhariri ananiuliza, liliachanaje? Si kisu, si moto. Kesho asubuhi wanataka kurasa za mwisho. Nimeshaanza kumwelekezea kidole daktari, angalau yeye ana sumu."

Fundi akahisi kifua kinafunguka. Daktari! Bora daktari. Alikuwa tayari kurudi kwenye cherehani akiwa mtu huru. Lakini kuna jambo lilimwasha.

"Sumu haiachanishi joho," alisema.

"Mama, anasema—"

"Acha tumsikie."

"Joho linaachana kwa mshono," Fundi aliendelea, na mikono ikaanza kusema pamoja naye. "Nusu inakatwa kichwa chini, kwa makusudi, ili kila mtu aishangae rangi na asitazame mshono. Halafu katikati hushoni kwa cherehani. Unapiga bandi tu, ule mshono wa muda wa mkono, uzi mmoja mwembamba, unaupaka nta usionekane. Akivaa chumbani linakaa vizuri ajabu. Akitembea linakaa. Akifika juu kwenye upepo..." Alivuta hewani uzi usiokuwapo. "Trrrr! Juu hadi chini. Wala hakuna atakayeona, maana uzi wenyewe unapeperuka na upepo."

Chumba kizima kilimtazama kwa heshima. Penseli ya mama mkwe ilikuwa inakimbia.

"Na kazi hiyo," mama mkwe aliuliza bila kuinua kichwa, "angeweza kuifanya daktari?"

"Daktari!" Fundi alicheka kwa dharau. "Bandi iliyonyooka hivyo? Mchumba naye angeipinda. Hiyo ni kazi ya fundi, tena fundi wa—"

Mpiga pasi alijifunika uso kwa shati la mteja. Mkewe aliinama kwenye vifungo, mabega yanamtikisika.

"Ahsante, mwanangu," mama mkwe alisema, moja kwa moja kwake, bila mjumbe. "Umeniokoa."

Fundi Nusu Inchi alisimama katikati ya duka lake, mdomo wazi, akijitafutia mlango wa kutokea na hauoni. Kisha akachukua kigoda, akakivuta hadi kwenye kona ya mkwe wake, akakaa, akatazama karatasi. Bandi aliyoichora mama mkwe ilikuwa imekaa ovyo, pengo kubwa, pengo dogo.

"Samahani, mama," alisema. "Kama ni mimi niliyeua, basi sikushona hivyo. Nipe penseli."