Ng'ombe Aliyetuzuia Kwenda Naivasha

Mimi na mke wangu tumepanga kwenda Naivasha tangu watoto wakiwa wadogo. Tulitaka kuona ziwa na viboko, kisha tulale hotelini kama watu wa Nairobi. Kila mara safari ilikwama hapa Boito, zizini. Ng'ombe wetu hukubali kukamuliwa na mke wangu peke yake. Mtu mwingine akishika ndoo, ng'ombe anaficha maziwa na kurusha teke.

Mwaka huu nikasema imetosha, siwezi kutawaliwa na ng'ombe. Nikavaa gauni la mke wangu la kukamulia, nikajifunga kitambaa chake kichwani, nikachuchumaa. Maziwa yakatiririka hadi povu likafurika ndoo. Nikamwita mke wangu aje aone: jirani atavaa hivi, na sisi tutaenda!

Aliangalia ndoo, akaniangalia mimi, akarudi ndani. Nikadhani anafungasha nguo zetu.

Leo asubuhi picha zimefika kwa simu. Akina mama wa kanisa wamesimama mbele ya ziwa, mke wangu katikati, anacheka. Sikuziangalia sana. Ng'ombe alikuwa ananingoja, na gauni lilikuwa bado halijakauka.